Mwewe Hakushuka Kitengela

Ukishuka matatu Kitengela, kitu cha kwanza kusoma ni mabango: ploti zinauzwa, hamsini kwa mia, hati tayari. Mimi pia ninayo moja. Siku moja dukani mzee wa Kimaasai aliniuliza, "Kijana, ni nyinyi mliograb hapa?" Nilicheka, lakini usiku sikulala.

Grab ni kitenzi kikali. Maana yake ya kwanza ni ya mkono: kukamata kitu ghafla, kwa nguvu. Kiswahili kina kunyakua, kazi ya mwewe na kifaranga. Siku hizi tumekilainisha, eti twende tugrab kahawa. Lakini kwa Mkenya aliyeishi miaka ya tisini, grab ni ardhi: ni msitu wa Karura, ni viwanja vya shule. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, 2004, ilijaa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria.

Huku Kajiado mambo yalikwenda polepole, kwa karatasi. Mwaka 1904 viongozi wa Wamaasai waliwekeana mkataba na Waingereza, wakaachia malisho ya Bonde la Ufa. Walibakishiwa Laikipia na eneo la kusini, wakaahidiwa kuwa ni yao daima. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine: tokeni Laikipia, nendeni kusini. Wakashtaki. Mwaka 1913 mahakama ikasema hiyo ni mikataba kati ya madola, haina uwezo wa kuiamua.

Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ilileta ranchi za kikundi, hati moja kwa wengi. Ile ya Kitengela iligawanywa 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Kisha karo, ugonjwa, ukame: ekari moja ikauzwa, halafu nyingine. Seng'enge zikafuata, na nyumbu waliozoea kutoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kaputiei wakakuta njia imezibwa.

Ndiyo maana tunalipenda neno grab. Linamhusu mtu mwingine, mwizi, si mimi mwenye risiti.

Nilipokutana tena na yule mzee nilimwambia, "Mzee, mimi nililipa."

"Najua ulilipa," akasema. "Hata sisi kila mara tulitia sahihi."