Halmashauri Kuu ya TANU na Chimbuko la Mamlaka ya Chama juu ya Kiti cha Ubunge Tanzania, 1965–1992

Ikisiri

Makala haya yanachunguza utendaji wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, na baadaye ya CCM, katika kipindi cha chama kimoja. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya chombo hicho haikutokana na maazimio yake mashuhuri pekee. Ilitokana pia na taratibu mbili zisizozungumzwa sana, yaani kupitisha majina ya wagombea ubunge na kumiliki uanachama wa mbunge aliyekwisha kuchaguliwa. Utaratibu wa kwanza uliwekewa mizani mikononi mwa wapiga kura, lakini wa pili haukuwekewa. Mageuzi ya 1992 yaliuondoa ule mzani na kuziacha taratibu zenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Katika majimbo 58, mgombea wake alipita bila kupingwa. Ushindi huo ulikuwa na kasoro yake: wananchi wengi hawakupata nafasi ya kupiga kura hata kidogo, kwa kuwa mwakilishi wao alikuwa amekwisha kuamuliwa na chama. Ndiyo sababu Julius Nyerere alipoteua tume ya kuandaa mfumo wa chama kimoja Januari 1964, chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa, swali lililoikabili tume hiyo halikuwa kama kuwe na chama kimoja au vingi. Jambo hilo lilikwisha kuamuliwa. Lililobaki ni namna ya kumrudishia mpiga kura hiari yake ndani ya chama hichohicho.

Katiba ya Muda ya 1965 ilikitambua chama kimoja tu cha siasa, TANU kwa upande wa Tanganyika na Afro-Shirazi kwa upande wa Zanzibar, na katiba ya TANU ikaambatishwa kwenye Katiba ya nchi. Hivyo kanuni za ndani za chama zikapata hadhi ambayo kanuni za chama hazikuwa nayo kabla ya hapo.

2.0 Muundo wa Halmashauri Kuu

Mkutano Mkuu wa Taifa ndio uliokuwa chombo cha juu kabisa cha TANU, lakini ulikutana kwa nadra. Shughuli za kila wiki zilisimamiwa na Kamati Kuu, chombo kidogo kilichokuwa karibu na Rais wa chama. Kati ya viwili hivyo ilikaa Halmashauri Kuu, yenye viongozi wa kitaifa pamoja na wajumbe kutoka mikoani. Wakuu wa Mikoa nao walikuwa makatibu wa chama katika mikoa yao tangu 1962. Kwa hiyo aliyesimamia utekelezaji wa sera serikalini ndiye aliyeketi katika kikao kilichoitunga. Mwaka 1965 Halmashauri Kuu ilipewa kwa sheria uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, uwezo ambao kwa desturi ni wa Bunge. Tangu hapo nchi ikawa na vikao viwili vilivyodai kusema kwa niaba ya umma.

3.0 Kupitisha wagombea: jembe na nyumba

Utaratibu wa uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa ngazi tatu. Kwanza, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Wilaya waliwapigia kura waombaji na kuwapanga kwa kadiri walivyopendelewa. Pili, orodha hiyo ilipelekwa kwa Halmashauri Kuu, ambayo iliteua wagombea wawili kwa kila jimbo. Tatu, wananchi walimchagua mmoja kati ya wawili hao. Halmashauri Kuu haikufungwa na mpangilio wa wilaya, ingawa katika majimbo mengi iliufuata.

Wagombea hao wawili walihutubia mikutano ya pamoja iliyoandaliwa na chama. Walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi, na walitakiwa kutumia Kiswahili peke yake. Kwenye karatasi ya kura mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba.

Mizani iliyowekwa hapo haikuwa ya maonyesho. Wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwamo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Chama kilimpitisha, lakini jimbo likamkataa. Katika majirani zake, mizani kama hiyo haikupatikana kwa urahisi. Nchini Zaire mwaka 1975, Ofisi ya Siasa ya MPR ilitunga orodha ya wabunge, na wananchi wakatakiwa kuishangilia hadharani. Nchini Kenya mwaka 1988, KANU ilitumia kura ya mlolongo katika mchujo, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja. Ikilinganishwa na mifano hiyo, Tanzania ilibaki na kura ya siri kati ya watu wawili.

4.0 Uanachama kama rungu: 1968

Utaratibu wa pili haukuwa na ngazi tatu. Katiba ya Muda ilimtaka mbunge awe mwanachama wa TANU, hivyo aliyefukuzwa chamani alipoteza pia kiti chake bila wapiga kura wake kuulizwa.

Mwaka 1968 baadhi ya wabunge walihoji bungeni madai kwamba chama kiko juu ya Bunge. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wao walichaguliwa na wananchi wote wa majimbo yao, ilhali wajumbe wengi wa Halmashauri Kuu walichaguliwa na wanachama tu. Oktoba mwaka huo Halmashauri Kuu iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, pamoja na Oscar Kambona aliyekuwa uhamishoni tangu 1967. Viti vyao vikawa wazi. Swali walilouliza halikujibiwa kwa hoja. Lilijibiwa kwa kadi ya uanachama.

Baada ya hapo mashindano ya vikao viwili yalikwisha. Marekebisho ya Katiba ya 1975 yalitamka kwamba shughuli za vyombo vya dola zitatekelezwa chini ya uongozi wa chama. Lugha ya siku zile iliita hali hiyo chama kushika hatamu.

5.0 Maazimio na Bunge

Sera kuu za nchi zilikwisha kuzoea kubeba majina ya miji ambako Halmashauri Kuu ilikutana. Arusha, Januari 1967, ilipitisha azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari. Iringa, 1972, ilitoa Siasa ni Kilimo. Musoma, Novemba 1974, iliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Benki zilitaifishwa siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na Bunge likatunga sheria zake baadaye mwezi huohuo.

Haki inadai isemwe kwamba wajumbe wa Arusha walijifunga wenyewe. Miiko ya uongozi iliwakataza kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Hata hivyo, majadiliano yalifanyika faraghani, na mwananchi aliyasikia yakiwa yamekwisha kuwa azimio.

6.0 Mwaka 1992 na kilichobaki

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi. Mwanzoni mwa 1992 Halmashauri Kuu ya CCM, kisha Mkutano Mkuu maalumu, walikubali. Chombo kilichoshika hatamu kikaidhinisha kuziachia.

Hata hivyo, hakikuachia zote. Ibara ya 67 na ya 71 za Katiba zinaendelea kumtaka mbunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na kumvua kiti akikoma kuwa mwanachama. Mahakama Kuu iliruhusu mgombea binafsi mwaka 1994 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, na Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo kuzuia hilo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliona kwamba jambo hilo ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki.

Mpiga kura wa leo anachagua kati ya vyama, hiari ambayo wa 1965 hakuwa nayo. Lakini hana tena hiari ya kuchagua kati ya wawili wa chama kimoja. Penye ngome ya chama, kikao cha uteuzi ndicho kinachochagua mbunge, kama ilivyokuwa 1960.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kubadili idadi ya vyama si sawa na kubadili mahali ambapo uamuzi unafanyika. Wanaoshauri juu ya mageuzi ya katiba katika ukanda huu wanapaswa kutenganisha maswali mawili: nani anamwingiza mgombea kwenye karatasi ya kura, na nani anaweza kumwondoa mbunge akiisha kuchaguliwa. Waasisi wa 1965 walilijibu la kwanza kwa uangalifu na kuliacha la pili. Waliofukuzwa mwaka 1968 walilipa gharama ya pengo hilo, na sheria bado haijaliziba.