Kimeng'enya

Mfamasia wa Makupa, pwani ya Kenya, akimuuliza mteja kuhusu upungufu wa G6PD kabla ya kumpa primakwini, dawa ya malaria, anaulizia kimeng'enya. Neno limetokana na kumeng'enya, kuvunja chakula vipande vidogo, ingawa si kila kimeng'enya huvunja. G6PD hulinda seli nyekundu za damu.

Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa binadamu na kwa panya vilevile. Mwanajenetiki Susumu Ohno alieleza mwaka 1967 kwamba X haikubadilika sana miongoni mwa mamalia.

Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Jeni ikiwa na hitilafu, hana akiba. Pwani ya Kenya, ambako malaria imekaa karne nyingi, upungufu wa G6PD, ambao hukinga kiasi dhidi ya malaria, si nadra, na kwa wenye upungufu huo dawa kama dapsoni huweza kupasua seli nyekundu.