Manukuu ya Filamu: Historia ya Maandishi Kutengana na Picha



Maandishi yapitayo chini ya picha ya filamu, ambayo siku hizi huitwa manukuu, aghalabu huachiwa mafundi wa mitambo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba historia yake inamhusu mwanaisimu pia, kwani ni historia ya maandishi kutengana hatua kwa hatua na picha.

Katika filamu bubu, maneno yaliandikwa kwenye kadi zilizopigwa picha na kupachikwa baina ya matukio. Filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, tafsiri ilishushwa chini ya picha yenyewe, na katika miaka ya 1930 ikaanza kuchongwa kwa kemikali juu ya utepe. Kila lugha ilidai nakala yake ya filamu. Hivyo gharama ndiyo iliyoamua lugha ipi itafsiriwe na ipi iachwe.

DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ililegeza kifungo hicho. Diski moja iliweza kubeba hadi mikondo 32 ya manukuu, na mtazamaji akachagua autakao. Hata hivyo, maneno hayo yalihifadhiwa kama picha, si kama herufi. Mtazamaji aliyetaka kuongeza lugha yake hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango huo ulifunguliwa na programu ya SubRip, iliyosoma picha hizo, ikazigeuza kuwa herufi na kuzihifadhi katika faili la maandishi matupu. Muundo wake ni mwepesi: namba, muda wa kuanza na wa kuisha, kisha maneno:

12
00:04:10,500 --> 00:04:12,900
Kiweke mezani.

Programu ya kuchezea video hufuata saa ya filamu. Muda ukifika, huyachora maneno juu ya picha, na muda ukipita, huyafuta. Faili la video lenyewe haliguswi. Basi yeyote mwenye kompyuta aweza kuipa filamu Kiswahili bila kumiliki mtambo wa filamu.

Lakini utengano huo una gharama yake. Sentensi ya Kiingereza inayoagiza kitu kiwekwe mezani haitaji kitu chenyewe. Kiswahili hudai ngeli: kisu, *kiweke*; mkoba, *uweke*; jembe, *liweke*. Vivyo hivyo, neno moja la Kiingereza laweza kuwa mjomba au amu, na nafsi ya pili yaweza kuwa ya mtu mmoja au ya umati. Majibu yamo katika picha na kisa, wala hayamo katika mstari mmoja wa faili. Mfasiri aliyepewa faili peke yake, sawa na mashine iliyolishwa mstari mmoja mmoja, hubahatisha.

Kwa hiyo, teknolojia imeyatenga maandishi na picha ili lugha zetu zipate nafasi. Ni wajibu wa mfasiri wa Kiswahili kuviunganisha tena kwa jicho lake. Somo la tafsiri lisilomketisha mwanafunzi mbele ya filamu lamfundisha nusu ya kazi.