Anwani ya Kompyuta na Sanduku la Posta la Shule

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioko shuleni, nataka kuwaeleza habari ya namba ambayo kila kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao sharti iwe nayo. Historia yake inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya gharama kuzidi faida, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali. Mimi siulaumu uamuzi huo. Mwaka ule nchi ilikuwa na upungufu wa chakula, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Lakini huku mlango wetu umefungwa, wenzetu walikuwa wakigawana viwanja. Septemba 1981 Wamarekani walichapa kanuni ya anwani: namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Jumla yake ni anwani 4,294,967,296. Zilionekana nyingi mno, zikagawiwa kwa mafungu makubwa. Chuo cha MIT peke yake kilipata zaidi ya milioni 16! Sisi alama ya nchi yetu mtandaoni, .tz, ilisajiliwa mwaka 1995, na AFRINIC, mgawaji wa anwani kwa Afrika mwenye makao Mauritius, alitambuliwa rasmi mwaka 2005. Februari 3, 2011, ghala kuu la dunia likaisha.

Basi tunaishije? Kama tulivyoishi bwenini. Shule ilikuwa na S.L.P. moja, na mamia yetu tulipokea barua kwa namba hiyo hiyo. Mfuko ukishafika kutoka Posta, barua ziligawiwa kwa jina na bweni. Ndivyo ruta ifanyavyo. Kwa nje ina anwani moja. Kwa ndani hugawa anwani za kienyeji, aghalabu zinazoanza na 192.168, ambazo kanuni ya mwaka 1996 ilimruhusu yeyote kuzitumia ndani ya uzio wake. Huko nje hazitambuliwi, kama vile Posta isivyotambua namba ya kitanda.

Fundi anapoiandaa kompyuta huijazia mambo matatu ya msingi: namba yake, kipimo cha kuonyesha uzio unaishia wapi, na anwani ya ruta, yaani lango la kutokea. Tarakimu moja ikikosewa, mashine hunyamaza ingawa waya ni mzima. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, mashine mbili zilipewa namba moja. Mara hii ikapata mtandao, mara ile. Wananchi waliotoka vijijini walishinda barazani siku mbili wakingoja hati zao, nasi tukimngoja fundi kutoka mkoa mwingine. Alipofika alibadili tarakimu moja, akanywa chai, akaondoka.

Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umefika Singida. Waya tunao. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi, mkiingia chumba cha kompyuta, fungueni mipangilio ya mtandao, mwandike daftarini yale mambo matatu ya kila mashine, kisha mlinganishe: kipi kinafanana, kipi kinatofautiana, na kwa nini. Atakayemaliza mapema amwulize mwalimu habari za anwani mpya ndefu, zile zenye herufi na nukta pacha, ambazo hazina uhaba.