Nguo Rahisi na Baraza Tusiloketi



Tunaposherehekea miaka 10 ya chama chetu kikuu, yafaa tukumbuke shauri moja la zamani lililomhusu kila mnunuzi wa kanga na shuka katika maduka ya Tanga, Pangani na Muheza, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuulizwa.

Baada ya mwaka 1929 bei ya mkonge ilianguka, na ujira mashambani ukapungua. Siku hizo nguo za Japani zilifika pwani kwa bei ndogo kuliko zile za Lancashire, hata maskini akaweza kujistiri. Wenye viwanda wa Uingereza wakalalamika. Mwanzoni mwa mwaka 1934 walikutana London na wenzao wa Japani ili wagawane masoko, wasipatane. Ndipo tarehe 7 Mei 1934 Waziri wa Biashara wa Uingereza, Walter Runciman, alipotangaza kwamba nguo za kigeni ziwekewe kiasi maalumu, kisichopitwa, katika makoloni. Huko Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, Baraza la nchi lilikataa. Amri ikaletwa kutoka London juu ya vichwa vyao.

Tanga amri hiyo haikufika. Kwa nini? Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885, yaliyofanywa upya Saint-Germain mwaka 1919, yalitaka madola yaliyotia sahihi, Japani ikiwamo, yapate haki sawa za biashara katika bonde la Kongo. Na mpaka wa eneo hilo ulivutwa hadi Bahari ya Hindi, ukaizunguka pwani yetu yote.

Tusidhani mapatano hayo yaliandikwa kwa kutuhurumia. Yaliandikwa ili wakubwa wasigombane sokoni. Sisi tulipata nguo rahisi kwa bahati, na watu wa Ceylon wakaikosa kwa amri. Lakini neno la mwisho halikuwa letu wala lao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Chama cha ushirika ni baraza ambalo mkulima ana kiti chake. Humo huuliza bei, hukagua hesabu, hupiga kura. Basi, ndugu yangu, usiache kiti hicho kitupu siku ya Mkutano Mkuu. Asiyehudhuria amewarudishia wengine kalamu.