Soja wa Geti Ana Jina: Historia Fupi ya Nani Huchekwa kwa Skrini Zetu

Fikiria klipu ya mwisho ya kuchekesha uliyotumiwa na rafiki yako kwa simu. Kulikuwa na soja wa geti ndani? Dada wa kazi? Mama mboga? Sasa jiulize: aliongea kwa lafudhi ya wapi? Na bosi wake, yule wa gari kubwa, aliongea kwa lafudhi gani?

Nadhani jibu unalo tayari. Soja anashrubu, bosi hashrubu. Hakuna mwalimu alitufundisha hii kanuni darasani, lakini ukimpa kijana yeyote wa Nairobi simu atengeneze skiti ya sekunde 40, kuna uwezekano mkubwa ataifuata bila hata kufikiria. Mimi natengeneza video, na hili swali limekuwa likinisumbua kwa muda. Hiyo kanuni ilitoka wapi? Na inamfanyia nini mtoto anayekua akiiangalia kila siku?

Twende pole pole, kwa sababu haya mambo yalianza kabla ya nyanya zetu kuolewa.

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliongoza mradi wa kutengeneza filamu za kuonyeshwa Waafrika. Walitengeneza karibu filamu 35. Zilipakiwa kwa lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland na Northern Rhodesia. Zilihusu nini? Minyoo ya safura. Kodi. Kuweka pesa katika benki ya posta. Na waigizaji walikuwa Waafrika.

Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit kule London. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata filamu inayoenda kasi. Kwa hivyo picha zikatengenezwa zikienda taratibu, jambo moja kwa wakati, kama mtu anayeongea na mtoto mdogo.

Angalia vizuri kitu kilichofanyika hapo. Watu hupenda kusema shida ya zamani ilikuwa kwamba hatukuonekana. Lakini hapa tulionekana! Sura zetu zilijaa kwenye kitambaa cheupe kijijini. Tulionekana tukiwa wanafunzi. Mwafrika wa kwenye picha alikuwepo ili afundishwe kunawa, kulipa na kutii. Hakuwa na ndoto, hakuwa na mzaha wake mwenyewe, hakuwa na swali la kumuuliza anayemfundisha. Kwa hivyo kuonekana peke yake hakutoshi. Kila nikisikia mtu akisema "tunataka kujiona kwa skrini", mimi huuliza: kujiona ukiwa nani?

TV ilifika Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ikachukua utangazaji na kuuita Voice of Kenya, VoK. Jina la KBC lilirudi 1989, na KTN ikaingia hewani 1990. Kumaanisha kwa miaka mingi, nchi nzima iliangalia kituo kimoja cha serikali. Ukitaka kujua Mkenya anafanana vipi, ulikuwa unauliza dirisha moja tu.

Lakini kulikuwa na watu waliojaribu kufungua dirisha lingine. Mwaka 1977, Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao wenyewe. Wakaigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu. Wanakijiji hawakupewa tu maneno wakariri. Walikuwa wanawasahihisha waandishi: hapana, mzee wa umri huu haongei hivyo, hapana, kiwandani mambo hayaendi hivyo. Mtu aliyekuwa anachuma chai asubuhi, mchana alikuwa anarekebisha mswada wa profesa.

Serikali ikaondoa kibali baada ya wiki chache. Desemba 31, 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 polisi wakalibomoa lile jukwaa.

Jiulize kwa nini jukwaa la mbao lilihitaji polisi. Mtu wa kijijini akiongea kwa lugha yake na watu wacheke, hakuna aliyeshtuka. Akiongea kwa lugha hiyo hiyo kuhusu shamba lake na mshahara wake, na watu wanyamaze kumsikiliza, lori la polisi linafika.

Sasa turudi kwa TV. Taarifa ya habari ilisomwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Lafudhi za nyumbani, zile za baba zetu na mama zetu, makao yao makuu yalikuwa upande wa vichekesho. Vioja Mahakamani, Vitimbi. Uliza mzazi wako kuhusu Vitimbi uone venye uso utabadilika. Mzee Ojwang na Mama Kayai walikuwa kama jamaa wa kila nyumba.

Na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu ni rahisi sana kusema kwamba vichekesho vya lafudhi ni vibaya, basi, tumemaliza. Haikuwa hivyo. Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang na kufariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi aliongea kwa lafudhi nzito ya Kijaluo, na Wakenya wengi waliamini kabisa ni Mjaluo. Fikiria hiyo ndani ya siasa za Kenya, unazijua. Mkikuyu anaingia ndani ya sauti ya Mjaluo, na Wajaluo wenyewe wanampenda!

Kwa nini walimpenda? Nadhani ni kwa sababu Ojwang alikuwa na maisha. Alikuwa na mke anayemjibu. Alikuwa na ujanja, na ujanja wake ulimrudia. Alipenda pesa, aliogopa aibu, alidanganya akashikwa. Wiki iliyofuata alirudi, na wewe ulitaka kujua amefika wapi. Lafudhi ilikuwa nguo yake tu, ndani ya nguo kulikuwa na mtu. Hata Papa Shirandula ya Citizen ilifanya kitu kama hicho baadaye. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza soja anayewaficha watu wa nyumbani kazi yake. Anatoka kwake na suti, akifika kazini anavaa sare. Tulicheka, ndiyo, lakini stori nzima ilikuwa ya soja. Aibu yake ilikuwa ya kwake, hofu yake ilikuwa ya kwake, na ukifikiria sana unaona ni ya watu wengi wanaopanda matatu asubuhi na wewe.

Linganisha na ile skiti ya sekunde 40. Soja anatokea, anasema neno moja vibaya, tunacheka, klipu imeisha. Hana jina. Hana mtoto wa shule. Tumebaki na nguo, mtu ametolewa ndani.

"Aah, lakini ni jokes tu, usiwe mtu wa kukasirika ovyo." Sawa. Wacha nikuambie kuhusu binamu yangu. Alihamia Nairobi kutoka upande wa Bungoma akiwa darasa la sita. Huyo kijana alikuwa moto wa kuotea mbali kwa hesabu. Siku zake za kwanza darasani aliinua mkono, akajibu, na kwenye jibu lake "basi" ikatoka "pasi". Darasa lilianguka. Jibu lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyelisikia. Kufikia katikati ya muhula alikuwa haongei tena darasani. Miaka kadhaa baadaye aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Maneno yangu huchekesha kabla hayajaeleweka."

Wale watoto hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa na skrini kwamba sauti ya aina hiyo ikisikika, ni wakati wa kucheka. Hawakuwa wamewahi kuisikia ikieleza hesabu. Hawakuwa wamewahi kuisikia ikiwa daktari, rubani, au msichana anayepasuka moyo kwa mapenzi. Walikuwa wanaifahamu kwa kazi moja tu.

Na kwani lafudhi ni nini? Ni lugha yako ya kwanza ikikaa ndani ya lugha ya pili. Kila binadamu anayo. Mzungu akija hapa akisema "Jambou" tunampigia makofi, ati anajaribu. Mtu wa Bungoma akiongea lugha tatu kwa siku moja, na ya tatu ikabeba harufu ya ya kwanza, tunamrekodi. Hebu nieleze hiyo hesabu.

Kuna upande mwingine wa hii stori, nao unaonyesha venye picha moja inaweza kumgeuza mtu. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alishinda Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave. Siku chache kabla ya hapo alitoa hotuba katika hafla ya jarida la Essence. Alieleza kwamba akiwa msichana alikuwa akiomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi. Kitu kilichomsaidia kubadilisha mawazo ni kuona Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini mwenye ngozi nyeusi ti, akisifiwa kila mahali kwa urembo. Mama yake alikuwa amemwambia ni mrembo, lakini maneno ya mama pekee hayakutosha. Alihitaji kuona dunia ikimwangalia mtu anayefanana naye na kusimama.

Sasa geuza hiyo. Kama kumuona Alek Wek kunaweza kumjenga msichana mmoja wa Nairobi, basi kuona mtu anayeongea kama mama yako akichekwa mara 20 kwa jioni moja, kunabomoa nini? Huwezi kukubali kwamba picha hujenga halafu ukatae kwamba hubomoa.

Habari njema ni kwamba tayari tuna mifano ya kufanya tofauti. Mwaka 2010 Shujaaz ilianza, kitabu cha katuni kilichosambazwa ndani ya gazeti, kikiongea Sheng. DJ Boyie, kijana asiye na kazi, anatangaza redio ya siri kutoka chumba chake. Sheng, ile lugha walimu walituchapia, ikaanza kubeba stori za ukulima, pesa na uongozi. Mwaka 2012 Shujaaz ilishinda tuzo ya Emmy ya kimataifa. Haikusubiri Sheng "isafishwe" ndipo iaminike.

Halafu 2018 ikaja Supa Modo ya Likarion Wainaina. Msichana wa kijijini anayeitwa Jo ni mgonjwa na hatapona. Anapenda filamu za mashujaa. Kijiji chote kinaamua kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Watu wanaongea venye watu huongea, na hakuna anayechekwa kwa hilo. Unalia, unacheka, halafu unagundua hukufikiria kuhusu lafudhi ya mtu hata mara moja, kwa sababu ulikuwa unataka kujua kitakachompata Jo.

Ndiyo maana siamini dawa ni kuacha vichekesho. Mimi napenda kucheka, na Mkenya asiyecheka hii nchi ingemmaliza kitambo. Dawa pia si kila soja kwenye skiti aanze kuongea kama msomaji wa habari. Hiyo ingekuwa kumfuta tena, kwa njia ya adabu.

Kile nasema ni kwamba sisi wa simu tuna kitu ambacho watu wa Kamirithu hawakuwa nacho. Hakuna kituo kimoja. Hakuna lori la lazima kutoka Usambara. Jukwaa letu halihitaji mbao, na mtu mmoja na simu yake sokoni Gikomba anaweza kufikia watu wengi kuliko VoK ya 1977. Itakuwa aibu tukipewa dirisha zima halafu turudie picha zile zile tulizochorewa.

Kwa hivyo ukiandika skiti, jaribu kitu kimoja. Mpe soja jina. Mpe kitu anachotaka, hata kama ni chai tu kabla ya saa sita usiku. Halafu mpe ile laini kali ya mwisho, aiseme kwa lafudhi yake mwenyewe, na huyo bosi wa gari kubwa akose jibu. Uone kama watu hawatacheka. Watacheka sana. Na kuna kijana fulani wa darasa la sita ataiangalia hiyo klipu kwa simu ya mamake, na kesho yake akijua jibu, atainua mkono.