Sawyer au Lawyer? Herufi moja inavyompoteza mtu

Leo tuweke kando lugha za programu tuingie kwenye makaratasi ya kale. Msikimbie, kompyuta zimo humu humu.

Uingereza na Wales zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Julai 1837. Mzazi asiyejua kusoma alitaja jina, msajili akaliandika alivyolisikia, kisha mzazi akatia alama ya X. Kila robo mwaka nakala zilipelekwa ofisi kuu London, na makarani wakatengeneza faharasa kutokana nazo. Kwa hiyo jina unalolisoma leo limepitia kalamu za watu kadhaa. Tena katika mwandiko wa enzi hizo herufi kubwa hufanana sana: L na S, T na F. Sawyer anageuka Lawyer, na mtu ameshahamishwa ukoo!

Je, kuna ubaya gani? Hadi 1911 faharasa hizo za vizazi hazikuonyesha jina la ukoo la mama. Jina la mtoto likinakiliwa vibaya, mjukuu anayemtafuta hana pa kushika. Mtu alizaliwa, akaandikwa, lakini ni kama hakuwahi kuwepo.

Wamarekani Robert Russell na Margaret Odell walijaribu kutatua jambo hili mapema. Mbinu yao, Soundex, ilipata hataza mwaka 1918 na 1922. Hubakiza herufi ya kwanza, huacha irabu, na konsonanti zenye sauti za karibu huzipa tarakimu moja. Smith na Smyth wote ni S530. Mohamed na Muhammad wote ni M530. Safi. Lakini Sawyer ni S600 na Lawyer ni L600! Soundex husaidia pale sikio lilipokosea. Jicho likikosea herufi ya kwanza, haifai kitu.

Mradi wa FreeBMD, ulioanza 1998, unachukua njia nyingine. Watu wa kujitolea hunakili faharasa hizo kwa kanuni moja: andika unachokiona, si unachodhani. Alama _ ni herufi moja isiyosomeka, * ni herufi kadhaa, na [LS]awyer maana yake ni L au S. Waandika programu mmeshazitambua alama za namna hii. Lengo ni kila ukurasa unakiliwe na watu wawili tofauti, halafu kazi zao zilinganishwe.

Hapo ndipo ninapoona somo letu. Sisi hupenda fomu zinazokataa kusonga mbele mpaka kila nafasi ijazwe. Matokeo yake, karani hubahatisha, na kesho hakuna awezaye kutofautisha ubahatishaji na ukweli. Ukiunda hifadhidata ya kumbukumbu za wazee wetu, iachie shaka nafasi yake, na uhifadhi picha ya ukurasa kando ya maandishi. Atakayekuja baadaye huenda akawa na macho makali kuliko yetu.

Haya, kwaherini kwa sasa.